Pikipiki siku moja kusini: Kwale, Diani, Shimoni. Nipite wapi nione wanyama?

BoxerChangamwe:
Wapanda pikipiki wenzangu, salaam. Jumapili moja mwezi wa Agosti nataka kumpakia mke wangu twende matembezi kusini, tutoke Changamwe asubuhi turudi kabla ya giza. Chombo ni Boxer 150, cheni na spoketi mpya. Yeye anataka ndovu, mimi nataka bahari. Je, hifadhi ya Shimba Hills pikipiki inaingia? Na tukitoka huko tutawahi boti Shimoni?

MtotoWaMatuga:
Haiingii. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hawaruhusu pikipiki mle ndani.

MpandaUkunda:
Kaka, ni kweli, geti utaliona kwa nje. Nyati wamo, na ukikutana naye kwenye kona huna dirisha la kufunga. Lakini safari usiivunje. Barabara hii naipita kila wiki, na wanyama wengine wa Kwale hawakai getini kukungoja.

Wewe wa Changamwe feri ya Likoni ya nini? Pita barabara ya Dongo Kundu, utokee Kibundani. Shika usukani vizuri kwenye yale madaraja, maana Agosti upepo wa kusi unapiga ubavuni. Kombani kata kulia mpande Kwale. Ukiwa chini ni jasho, ukifika juu ukungu umelalia lami na manyunyu hayako mbali, kwa hiyo shemeji avae jaketi. Pateni mahamri na mbaazi mjini, acheni pikipiki mahali salama, mkodi gari na dereva wa hapo hapo. Ndovu wamo, na yumo palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, dume lake jeusi. Kenya nzima porini hapatikani ila Shimba Hills. Muda ukiruhusu, dereva awapeleke na hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje. Ile ni ardhi ya Wadigo na Waduruma wenyewe, waliitoa ili ndovu wapate pa kupita, na mapato ya geti hugawiwa wenye mashamba. Mimi pesa yangu napenda kuilipa pale.

Mkishuka Kwale usiweke nyutro. Na abiria nyuma, gia ya tatu, injini ikuzuie, breki uiguse tu.

Sasa ninaloliomba kwa moyo wote ni Diani. Barabara ya hoteli ina mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani. Ukitazama juu utaona ngazi za kamba zimefungwa kutoka mti huu hadi ule, zimevuka lami. Ni kazi ya Colobus Conservation, shirika lililoanza 1997, ili mbega wavuke bila kukanyaga barabara. Wengi huzitumia, wengine hushuka tu wakakimbia. Nilimkuta mbega mama mmoja amegongwa, yuko pembeni mwa lami, na mtoto wake, mweupe pe kama wanavyozaliwa, bado amemng'ang'ania kifuani na macho yake madogo yananitazama. Gari lilishaondoka. Tuliwapigia simu wale wa shirika wakaja kumchukua. Kwa hiyo pale mwendo wa kilomita thelathini kwa saa unatosha, hata mwenye matatu akupigie honi. Na msiwape ndizi, ndizi ndiyo inayowazoesha kushuka. Mbega ni mla majani.

BoxerChangamwe:
Shukran sana kaka. Mke wangu amesoma, amesema Diani tutakwenda mwendo wa harusi. Boti je?

NahodhaMsambweni:
Boti siku hiyo hiyo hapana. Za hifadhi ya bahari ya Kisite hutoka asubuhi, na ninyi saa hizo mko Kwale. Halafu Agosti ni kusi, bahari imechafuka. Mtu asiyezoea atatapika kabla hajamwona pomboo. Njooni siku nyingine wakati wa kaskazi, maji yakiwa yametulia, mlale Shimoni.

Bahari Gazi ipo. Kina mama wa pale wana daraja la mbao ndani ya mikoko, mnatembea kwa miguu hadi katikati. Kijiji hicho kupitia mradi wa Mikoko Pamoja kinauza hewa ya ukaa, yaani hulipwa kwa kutunza mikoko inayoifyonza, na pesa zimeingia kwenye maji na shule.

Mkitaka kufika Shimoni hata hivyo, kateni kushoto pale Kanana, mwone pango walimofungiwa watumwa, mle samaki. Saa tisa muwe mmeshageuza, kwa sababu jioni ng'ombe hurudi zizini na njia yao ndiyo hiyo hiyo lami.

MpandaUkunda:
Na mafuta jaza Ukunda.