Mtoto akinenepa, alaumiwe mama peke yake?

Hoja hii naileta kutokana na mkutano wa wazazi uliofanyika hapa Kisumu muhula uliopita. Dada yangu aliambiwa mbele ya wazazi wenzake kwamba binti yake wa miaka tisa amenenepa kwa sababu yeye hajui kumpimia chakula. Mumewe alikuwa ameketi ubavuni pake, na hakuulizwa lolote.

Naifahamu siku ya mtoto huyo. Asubuhi hupelekwa shuleni kwa bodaboda, ingawa shule haifiki hata kilomita mbili. Saa kumi hushukia kwa nyanyake Nyalenda, ambako husubiriwa na chapati mbili na chai ya maziwa iliyokolea sukari. Baba naye, akirudi jioni, hakosi kifuko cha chipsi. Mama anapopakua ugali na sukuma wiki, mtoto ameshashiba, lakini huamriwa amalize sahani kwa kuwa chakula hakitupwi.

Hata huyo nyanya simlaumu. Miaka ya tisini, ukimwi ulipoiandama Nyanza, aliwazika wanawe wawili, huku majirani wakinong'ona kuwa ni chira, ule ugonjwa wa kukondesha ambao Wajaluo husema humpata aliyevunja mwiko. Kwa mtu aliyeona wanawe wakikonda hadi kaburini, mjukuu mwenye mashavu ni faraja, na kumwambia ampunguzie chapati ni kumgusa mahali panapouma. Je, ni haki mzigo huu wote kutwikwa mama?

Jibu la muuguzi mstaafu, Kakamega

Ndugu, umesahau damu. Mwaka 1986 watafiti walichapisha matokeo ya watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wa kupanga, na miili yao ilifanana na ya wazazi waliowazaa, wala si ya waliowalea. Isitoshe, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali waliozidi uzito ni asilimia 3 tu. Mimi ningeanza na wale waliodumaa.

Jibu la mleta hoja

Muuguzi, nashukuru, na damu siikatai. Hata hivyo, wale wa Denmark walilelewa katika nchi moja yenye vyakula vinavyokaribiana. Damu inaweza kueleza ni nani atakayetangulia kunenepa chakula kinapokuwa tele, lakini haielezi kwa nini watoto wa mtaa mmoja wanenepe kuliko wazazi wao walivyokuwa katika umri huohuo. Hiyo asilimia 3 nayo ni ya watoto wa umri wa kliniki, ambao hupimwa na kuandikwa kitabuni. Wa miaka tisa anapimwa na nani? Kitabu chake kiko chini ya godoro tangu alipomaliza chanjo. Tena kudumaa na kunenepa huweza kukutana katika nyumba moja, hata katika mtoto mmoja, kwa hiyo sioni kwa nini tuchague.

Jumapili iliyopita dada alimwomba mama mkwe apunguze chapati iwe moja. Mama mkwe alikubali, kwa sharti kwamba mwanawe aache kulipia bodaboda na amtembeze mtoto hadi shuleni mwenyewe. Shemeji hajajibu hadi leo.