Kujitolea nje ya nchi: mgeni hujengaje ukaribu na watoto wenyeji katika matembezi na kambi?

Mwanzisha mada

Habari zenu, ndugu wanajamvi. Nimekubaliwa kwenda nje ya nchi kwa miezi michache kujitolea katika klabu ya watoto wenye umri wa miaka 9 hadi 13, ambao mwishoni mwa juma hutembezwa porini, hupanda vilima na mara nyingine hupiga kambi. Lugha yao naijua kwa salamu tu. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kuifanya kazi hii: mgeni anaanzaje kuzoeana na watoto asiowafahamu, na je, ni haki kujenga ukaribu huo ilhali ninajua kwamba nitaondoka? Swali la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Mchangiaji wa kwanza

Hongera, ndugu yangu. Kuhusu lugha usiwe na hofu kubwa, kwa sababu matembezi huwapa watu jambo la kufanya pamoja, na mtoto mwenye la kufanya hakukodolei macho akisubiri useme.

Ninachokusihi ni kuwaachia watoto uongozi kila inapokuwa salama kufanya hivyo. Wao ndio wanaojua jiwe lipi huteleza na mahali gani kijito huvukika kwa urahisi. Mgeni anayefika na ratiba iliyojaa michezo ya kwao huwageuza wenyeji kuwa wageni, lakini anayeuliza jina la ndege fulani, akalitamka vibaya mpaka wakamsahihisha kwa vicheko, huyo amekwisha kupokelewa.

Katika kundi nililowahi kulisaidia palikuwa na mvulana aliyependa kukaa mkiani mwa msafara bila kusema na mtu. Nilimkabidhi dira aibebe. Tulipopumzika aliilaza juu ya jiwe, akaisogezea nyundo ya kupigilia vigingi vya hema, akaona mshale unayumba na kuiacha kaskazini. Akaiondoa nyundo, mshale ukarudi. Alirudia mara kadhaa akiwa amekunja uso, kisha akaja kunivuta mkono nikatazame. Sikuwa na neno lolote la lugha yake la kueleza habari za sumaku, wala halikuhitajika, kwani muda si mrefu alikuwa amezungukwa na wenzake akiwaonyesha yeye mwenyewe.

Mchangiaji wa pili

Nimefanya kazi ya ulinzi wa watoto kwa muda mrefu, kwa hiyo mniwie radhi nikianza na yale yanayotangulia safari. Mdogo wangu, waulize waandaaji kama watoto hao wanaishi na familia zao. Nasema hivi kwa kuwa watoto wengi wanaowekwa katika vituo vya mayatima duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na pesa za wageni wanaokuja kujitolea zimekuwa sababu mojawapo ya baadhi ya vituo kuwatafuta watoto wa kuvijaza. Australia iliutambua usafirishaji haramu wa watoto wa namna hiyo kuwa sura ya utumwa mamboleo ilipotunga sheria yake dhidi ya utumwa huo mwaka 2018. Klabu ambayo mtoto huitoka jioni akarudi kwa mama yake ni jambo jingine kabisa, na ndiyo ya kuchagua.

Uliza pia kama watakagua rekodi yako ya jinai. Wasipokagua yako, hawakukagua ya yeyote aliyekutangulia. Usibaki peke yako na mtoto mmoja mahali pasipoonekana na wengine, usilale hema moja na watoto, na usipige wala kusambaza picha zao bila ridhaa yao na ya wazazi.

Sasa nije kwenye swali linalokunyima usingizi. Kinachomwumiza mtoto zaidi ni mtu kutoweka ghafla, au kuahidi kurudi asirudi. Waambie tarehe ya kuondoka katika juma la kwanza, uirudie kila inapofaa, na usiahidi usiloweza kulitimiza. Zaidi ya yote, usiwe wewe nguzo ya klabu. Kila shughuli ifanye pamoja na kiongozi mwenyeji, ili mtoto anapojivunia kwamba amefika kileleni, mtu mzima aliyeshuhudia awepo pia mwezi ujao. Ukaribu wa namna hiyo ni haki kabisa, nami nakuomba usiuogope.

Mchangiaji wa tatu

Naunga mkono, na ninaongeza la usalama, maana mimi ni mwongoza matembezi. Mwendo wa msafara ni mwendo wa mtoto wa polepole kuliko wote, kwa hiyo mweke karibu na mbele, na mtu mzima mmoja afunge nyuma. Hesabu watoto kila mnaposimama na kila mnapoondoka. Mkisikia ngurumo, ondokeni kileleni na msikae chini ya mti uliosimama peke yake; subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Maji ndiyo ninayoyaogopa zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mmoja wenu awe na kazi moja tu ya kuyatazama maji, bila simu mkononi.

Kuhusu uongozi wa watoto, hilo si jambo geni. Katika kambi ya Baden-Powell, afisa wa jeshi la Uingereza, kisiwani Brownsea nchini humo mwaka 1907, iliyozaa uskauti, wavulana wa matabaka tofauti waligawanywa katika vikundi vinne vidogo, kila kimoja na kiongozi wake mvulana. Kikundi kidogo humpa hata mtoto mwenye haya nafasi ya kutegemewa.

Mwanzisha mada

Nawashukuruni sana, nitawaandikia waandaaji leo hii. Nina swali moja dogo: je, nibebe zawadi?

Mchangiaji wa pili

Zawadi ya mtoto mmoja huzua wivu kwa wenzake, na huwafundisha kumtazama kila mgeni mikononi. Waulize viongozi wa klabu wamepungukiwa na nini, iwe kamba, dira au sanduku la huduma ya kwanza, kisha uwakabidhi wao viwe mali ya klabu. Ikiwezekana, vinunue huko huko, ili kikiharibika kimoja wajue pa kupata kingine.