Ejenti watatu wanamjibu mteja mmoja, nifanyeje?

FundiKodi: Wakuu habari, natengeneza sistimu ya oda za duka, ina ejenti watatu (programu zinazojiamulia na kufanya kazi zenyewe), mmoja stoo, mmoja malipo, mmoja usafirishaji. Sasa mteja akiuliza "mzigo wangu uko wapi?" wote wanajibu kwa mpigo na wanapingana, malipo anasema hela haijaingia huku usafirishaji anasema boda kashatoka. Mteja amwamini nani?

Binti_Seva: Mkuu usiwaache wote waongee na mteja. Weka mmoja mbele, wengine wamalizane kwa ndani. Soma Kontrakti Neti (Contract Net) ya Reid Smith, ya 1980, ni utaratibu wa ejenti kugawana kazi, ejenti meneja anatangaza kazi, wenye uwezo wanaleta zabuni, anachagua. Ya kitambo ila bado iko vizuri sana.

MtuWaMitandao: Naongezea, FIPA, shirika la viwango vya ejenti, walishapanga aina za ujumbe wa ejenti kwa ejenti, kuomba, kukubali, kukataa, kuarifu. Hiyo ya kukataa ndo wengi wanairuka jamani, ejenti asipoweza kazi aseme hawezi na kwa nini, ili mteja asomewe "malipo hayajathibitishwa, mzigo unasubiri" badala ya kukodolea kiduara kinazunguka tu.

FundiKodi: Shukrani sana. Na wakizidi kupingana?

Binti_Seva: Wa mbele aseme wazi bado anahakiki, halafu ampe mteja kitufe cha kuongea na mtu. Hicho usikose kukiweka.