Duka jipya la madera Langoni: nikadirie vipi pesa ya kuingia na kutoka?

BintiLangoni: Asalaam aleikum. Nafungua duka la madera na kanga hapa Amu (mji wa Lamu), mtaa wa Langoni. Mtaji ni shilingi 300,000: rafu, rangi na leseni ya kaunti 60,000, mzigo wa kwanza 180,000, akiba 60,000. Kodi ya duka, msaidizi na umeme ni 22,000 kwa mwezi. Nakisia nitauza 90,000 kwa mwezi, na katika kila mia faida yangu ni 30. Nikitoa gharama nabaki na 5,000, lakini kaka yangu anasema nitakwama. Sina mauzo ya nyuma ya kuangalia. Nianzie wapi?

KangaNaLeso: Wa aleikum salaam dadangu. Kaka yako ameona mbali. Umehesabu faida, hujahesabu pesa. Amu utakopesha tu, watu ni majirani. Tuseme theluthi ya mauzo ni deni la kulipwa mwezi unaofuata. Mwezi wa kwanza unashika 60,000. Kurudishia mzigo ni 63,000, matumizi 22,000, jumla 85,000. Faida ipo, lakini akiba yako imeshuka hadi 35,000. Mwezi wa pili, deni likilipwa lote, unafika 40,000. Ramadhani ikiwa imekaribia, mzigo wa Idi utaununua kwa pesa gani? Mimi ningeanza na mzigo wa 120,000, nibaki na 120,000 mkononi.

BabaMokowe: Naunga mkono. Tena usiandike kwa mwezi, andika kwa wiki. Mzigo wa Biashara Street, Mombasa, unalipwa siku ile ile, halafu kuna nauli ya basi hadi Mokowe, boti, na punda wa kukufikishia dukani. Yote hayo yanatoka kabla hujauza hata dera moja. Na usisahau upepo wa kusi: bahari ikichafuka kuanzia Mei, wavuvi hawatoki kama kawaida na wake zao hawanunui. Miezi hiyo ikisie chini. Idi nayo huja mapema kwa kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usinakili tarehe za mwaka jana.

KaraniWaPwani: Mwanangu, 90,000 mara 12 ni 1,080,000. Umepita milioni 1, kwa hiyo ingiza TOT, kodi ya mauzo inayolipwa KRA, mamlaka ya kodi: asilimia 3 ya mauzo yote, si ya faida, ilipwe kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ni 2,700. Ile 5,000 yako imebaki 2,300.

BintiLangoni: Hiyo TOT sikuiweka kabisa, shukrani. Deni la theluthi je, nikisie litalipwa lote?

KangaNaLeso: Hapana. Kwenye wiki zako andika nusu tu, ile nyingine ikija ni heri. Ukiona wiki yoyote salio linashuka chini ya kodi ya duka ya mwezi mmoja, ahirisha kununua mzigo wiki hiyo.

BintiLangoni: Naanza na 120,000. Leo usiku nachora wiki 13 kwenye daftari, nitaziweka hapa mzikague.