Naomba ushauri: chakula cha ziada cha hoteli chini ya sheria ya SB 1383, California

Habari wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua jikoni za hoteli California. Tangu Januari 2024 sheria hii ya jimbo ya kupunguza taka za chakula inazibana pia hoteli zenye jiko na vyumba 200 au zaidi (supamaketi zilianza 2022). Chakula kinacholika ambacho kingetupwa kitolewe msaada kwa wenye uhitaji, kuwe na mkataba wa maandishi na shirika linalopokea, na kumbukumbu ya aina, ratiba na uzito kwa ratili kila mwezi.

Makaratasi si tatizo. Tatizo ni Jumamosi usiku. Harusi inaisha saa tano, zinabaki trei nane za wali na kuku ambazo hazijatoka jikoni (zilizopakuliwa na wageni kwenye bafe hazihesabiwi), na gari la shirika huja Jumatatu. Kwa usalama, chakula kinatakiwa kishuke kutoka nyuzi 57 za Selsiasi hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Trei ya kina cha sentimita 10 inashindwa: juu kumepoa, katikati bado kunafuka mvuke. Ukigawa kwenye trei za sentimita 5 bila mfuniko inawezekana, ila rafu za friji zinajaa.

Je, mnagandisha usiku uleule na kubandika tarehe, au mnatafuta shirika la pili la wikendi? Na uzito mnapima kabla ya kupoza au gari likifika? Chakula hupungua kikitoa mvuke, halafu daftari la jikoni na la shirika hayalingani.