Juisi ya epo ya moto yenye viungo, mnapikaje?

Wadau nina epo 10 zimeanza kusinyaa kwenye friji, jana nikachemsha kadhaa na viungo ikatoka chungu kama dawa ya malaria, nimekosea wapi?

— Mkuu karafuu ulitia ngapi? Kwa epo 10 weka 5 tu, mdalasini vijiti 2, maji yafunike epo, moto mdogo masaa 2 hivi, ponda na mwiko, chuja kwa kitambaa, sukari mwisho kabisa ukishaonja.

— Na mbegu toa.

— Duh, karafuu nilimwaga kiganja kizima 😂

— Hahaha ndo maana! Mi nachanganya na za Njombe zina kauchachu. Ila joto hili la Dar bora ipoe kwanza, nani anywe moto Desemba?