Maji yamejaa lakini samaki hawali: naenda saa mbaya?

mtoto_wa_ziwa
Wakuu, salaam. Nimekulia Mwanza, kazi imenileta Chwaka, Unguja. Kule ziwani mwezi tuliuhesabu kwa ajili ya dagaa tu: usiku wa giza unawasha taa, basi. Habari ya kupwa na kujaa ndiyo naijulia huku. Nikitoka kazini, saa kumi jioni niko kwenye mtumbwi wa jirani, mshipi mkononi, chambo kamba. Nachagua siku ambazo simu inaonyesha maji yamejaa kabisa saa hiyo, maana maji mengi si ndiyo samaki wengi? Sipati kitu. Siku nyingine nashuka bila kuangalia chochote, changu wanaigombania ndoana. Tatizo ni chambo au saa?

chubwi_zito
Mwanangu, chambo hakina kosa. Huku kwetu siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu zaidi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi na hupwa kwenye saa nne. Kwa hiyo saa yako unayoipenda yameshafika juu, yamesimama. Chambo kinaning'inia tu, harufu haiendi popote. Ukisema basi ungoje maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, tarehe 8 hivi ya mwandamo, kujaa kumehamia saa nne na saa kumi yako imeangukia kupwa. Yamesimama tena! Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, ndiyo maana.

Wewe mwenye jioni tu, shika tarehe 4 na 5 za mwandamo, utayakuta yanapanda. Au 11 na 12, yanashuka. Bila shaka hizo ndizo siku zako za bahati.

Sasa mahali. Yakipwa, mikoko inajimwaga ghubani kupitia mkondo wa Mapopwe, ule mfereji unaotoka mikokoni: kamba, vikaa, visamaki vya kidole, vyote vinatoka na maji. Kolekole na mzia wanalijua hilo, wanakaa pale mdomoni wameelekea yanakotoka. Tia nanga mbele yao, upande maji yanakotoka, mshipi uache uwashukie wenyewe. Yakijaa, ondoka hapo. Changu anaufuata ukingo wa maji mpaka kwenye majani, anachimbua kaa na kombe. Ukibaki mkondoni utakesha.

Na chubwi, lile zito la kuzamishia mshipi, ubadilishe kadiri maji yanavyokwenda. Kuna vijana wanafunga jiwe lile lile mwaka mzima, halafu wanalaumu uchawi.

nje_ya_mwamba
Mzee, kwa ndani ya ghuba nakubali. Sisi wa nje bamvua hatulipendi: mkondo unaukokota mshipi, chubwi haligusi chini, nanga inang'ang'ania kwenye matumbawe. Chewa wetu tunawapata maji mafu. Tena kusi ikikutana na maji yanayotoka mlangoni mwa mwamba, wimbi linasimama wima. Mtumbwi hauna kazi hapo.

chubwi_zito
Nani kamwambia atoke nje? Na chombo chenyewe cha kuazima!

mchokoa_pweza
Kaka zangu, mmetusahau sisi wa miguu. Bamvua ni letu. Saa nne asubuhi mwamba uko wazi, tunaingia na vijiti kuchokoa pweza, na la mwezi wa tatu na wa tisa ndilo linalopwa mbali zaidi. Ukitaka, njoo Jumapili na viatu vya kukanyagia miamba. Ila maji yakianza kurudi usiseme nimalizie shimo hili. Bamvua hupanda zaidi ya mita 3, na yanaanza kujaza bonde lililo nyuma yako, kati yako na ufuo, wewe bado umeinama.

mtoto_wa_ziwa
Nashukuru sana. Leo ni tarehe 9 ya mwandamo. Kwa hiyo keshokutwa, nikae mdomoni mwa mkondo?

chubwi_zito
Keshokutwa, yanashuka. Na utafute kamba hai. Hao wa barafu wape paka.